Vyuo vya Ufundi: Mbona Habari Hufika Baada ya Matokeo?

Nimekuwa kimya majuma kadhaa na wengine wenu mmeniandikia kuuliza sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata imepotelea wapi. Inakuja! Leo niruhusuni niweke msimbo kando, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu mwanzo wa muhula na nisipoliandika sitapata usingizi.

Nianze na hesabu. Katika KCSE ya mwaka 2024 watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, yaani alama inayomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu. Waliofanya mtihani walikuwa 962,512. Toa ya kwanza kutoka kwa ya pili, unabaki na vijana zaidi ya 700,000. Sasa kumbuka magazeti na runinga za siku ile: mtoto amebebwa mabegani, mama anapiga vigelegele, mwalimu mkuu anakata viuno. Vizuri, na wafurahi, wamefanya kazi. Lakini wale 700,000 hawakuwa kwenye picha hata moja. Kwetu sisi watunzi wa programu hii ni sawa na mtu aliyeandika sharti la "ikiwa" akasahau kuandika "la sivyo", halafu robo tatu ya data zote zinaangukia hapo hapo pasipoandikwa kitu. Ukileta msimbo kama huo kazini kwetu unarudishiwa kabla ya chai ya saa nne.

Mimi ni wa darasa la 2016. Waliokuwa nchini wanakumbuka ule mwaka. Waziri wa Elimu alikuwa Fred Matiang'i, wizi wa mitihani ukabanwa, matokeo yakatangazwa Desemba 29 wakati watu bado wanamaliza nyama ya Krismasi. Mwaka wa 2015 waliopata A kamili walikuwa 2,685. Mwaka wetu wakawa 141. Waliofikisha C+ walishuka kutoka 169,492 hadi 88,929, na watahiniwa tulikuwa zaidi ya 570,000. Kijijini watu walidhani mitambo imeharibika.

Mimi nilipita, nikaenda kusomea sayansi ya kompyuta. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye tulikaa naye dawati moja kidato cha tatu na cha nne, alipata D+. (Ameniruhusu nisimulie haya mradi nisitaje jina. Wateja wake husoma mtandaoni, asema!) Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niandike leo. Shangazi aliuza ng'ombe wa maziwa, kijana akarudishwa kidato cha nne katika shule nyingine ya mbali. Mwaka wa 2017 mambo yalikuwa magumu zaidi, nchi nzima ni 70,073 tu waliofikisha C+. Binamu akapata D+ tena. Ile ile! Akakaa nyumbani mwaka mzima wa 2018, akawa hali mezani na wengine. Shangazi hakumfukuza wala kumtukana, lakini alikuwa akikamua ng'ombe mmoja badala ya wawili kila asubuhi, na kijana anasikia.

Sasa sikilizeni. Kwa wasiojua kwetu, barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu inapita Sigalagala, na pale kuna chuo cha ufundi cha miaka mingi ambacho leo ni chuo cha kitaifa. Mimi na binamu tumelipita lile lango kwa matatu mara mia na zaidi tangu tukiwa watoto. Bango lake tulilijua kama tunavyojua bango la soda. Cheti cha krafti, kile cha ufundi wa ngazi ya kati, kilikuwa kinataka D tupu, isiyo na kujumlisha wala kutoa. Yeye alikuwa na D+ mkononi Desemba 2016. Aliuziwa ng'ombe ili akatafute alama ya kuingilia mlango mmoja, na alama aliyokuwa nayo ilikuwa imeshafungua mlango mwingine, kilomita chache kutoka nyumbani, na hakuna mtu hata mmoja, mwalimu, chifu, mchungaji wala mimi niliyekuwa na miaka kumi na minane, aliyekuwa na habari hiyo.

Alikuja kuijua mwaka wa 2019 kwa bahati tu. Jirani mwenye karakana ya kuchomelea mageti alimchukua awe anashika vyuma, na siku moja akamwambia, "Kijana, wewe una kichwa, nenda kasomee stima." Alianzia kwenye chuo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti, kisha akaenda kuchukua krafti ya stima. Leo anafunga nyaya za nyumba, kamera za ulinzi na pampu za maji za sola. Ana leseni ya EPRA ya kazi ya stima, ambayo huipati kwa maneno matupu, kuna kuulizwa maswali na kuonyesha kazi. Hajatajirika na sitaki mtu afikiri nauza ndoto hapa. Ila shangazi ana ng'ombe wawili tena.

Mwanzoni mwa muhula huu shule yetu ya zamani, shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, ilinialika siku ya taaluma. Mnazijua siku hizo. Analetwa daktari, wakili, mtu wa benki, na siku hizi lazima awepo "mtu wa kompyuta". Kila mmoja anasimama anasema alitoka kijijini bila viatu, akasoma kwa koroboi, na leo ana gari. Wanafunzi wanapiga makofi, wanakunywa soda, kwisha. Nikamwambia naibu wa mwalimu mkuu kwamba nitakuja, lakini nataka saa moja niwe na binamu yangu tuwaeleze kidato cha pili na cha tatu habari za vyuo vya ufundi. Kwenye simu kulikuwa na kimya kirefu. Kisha: "Mwalimu wangu..." (huniita hivyo akitaka kunikatalia) "...si utawalegeza? Mtoto akijua D ina mahali, atasoma ya nini?"

Hoja hiyo siidharau hata kidogo. Naibu yule ana walimu wachache, wastani wa shule unasomwa na wazazi na maofisa kila mwaka, na amewaona watoto wakilegea kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini nilimuuliza, je, kwa miaka hii yote mmewaficha, D zimepungua? Na kuna jambo jingine. Ukimpa mtoto habari ya ufundi siku ambayo amepata D, habari hiyo inafika ikiwa imevaa nguo za msiba. Haijalishi maneno uliyochagua. Yeye anasikia kwamba ameanguka na pale ndipo wanapotupwa walioanguka. Habari ile ile ukimpa kidato cha pili, kabla hajajua atapata nini, ni habari tu, kama habari kwamba kuna uanasheria na kuna uuguzi. Huenda mwenye B akaichagua! Mbona tunashangaa kwamba vyuo vya ufundi vinadharauliwa, ikiwa mara ya kwanza mtoto kuvisikia ni siku ya aibu?

Akanipa dakika arobaini. Baada ya wakili, kabla ya soda.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa kulia, wanafunzi kama mia mbili. Binamu alibeba ubao mdogo aliopigia swichi, soketi na kikata-umeme, na kile kidude kinachodhibiti chaji ya sola. Mimi nilibeba swali moja: "Nani anajua D tupu inampeleka mtu wapi?" Mkono mmoja nyuma kabisa: "Nyumbani!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na hata mimi nilicheka, lakini nikamtazama binamu na yeye hakuwa anacheka.

Basi tukawaeleza ngazi. Acha niziandike na hapa kwa sababu najua mna wadogo zenu. Mwenye C- anaweza kuingia stashahada katika chuo cha ufundi. Mwenye D tupu anaingia krafti. Chini ya hapo kuna cheti cha atizani. Siku hizi vyuo vinatumia mtaala wa umilisi, na ngazi hizi zinaitwa kwa nambari: atizani ni ya 4, krafti ni ya 5, stashahada ni ya 6. Na ngazi zinapandika: unaweza kuanza chini ukaendelea hadi stashahada, na wenye stashahada huchukuliwa na vyuo vikuu vyetu kwa shahada. Aliyejifunzia kazi kwa fundi bila kukanyaga darasa anaweza kufanya mtihani wa NITA, gredi ya 3, ya 2 na ya 1, apate karatasi ya kuonyesha. Kuhusu pesa, mikopo ya HELB si ya chuo kikuu peke yake, wa vyuo vya ufundi nao hukopeshwa. Hili la mwisho liliwashangaza walimu kuliko wanafunzi.

Maswali ndiyo yalikuwa na ladha. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kama wasichana huchukuliwa stima au ni ushonaji na upishi tu. Binamu akamwambia darasani kwao walikuwa wanne, na mmoja ndiye aliyewashinda wote kwenye kufunga mota. Msichana hakuridhika: "Sawa, nikimaliza nani ananipa kazi?" Hapo nilitaka kuingilia kwa maneno matamu, binamu akaniwahi. Akamwambia ukweli: mwaka wa kwanza alilipwa nusu ya pesa na mwenye mjengo mmoja na nyingine hajaziona hadi leo, vifaa vyake vya kwanza alinunua kimoja kimoja, na kuna watu hukataa kumpa mwanamke kazi ya kupanda juu ya paa, ni wajinga lakini wapo. "Mimi sikuahidi kazi," akasema. "Nakwambia utakuwa na kitu mkononi ambacho mtu anakihitaji stima ikipotea saa mbili usiku." Msichana aliandika kitu kwenye daftari. Sikuona ni nini.

Mvulana mwingine akanigeukia mimi, kama mtu akiwa na C- anaweza kuwa kama mimi. Nikamwambia stashahada ya teknolojia ya habari ipo na ngazi hiyo inatosha kuingia. Kisha nikamsimulia ofisini kwetu. Tuko watunzi wa programu kadhaa, wote na shahada zetu. Siku seva zinapozimika hakuna hata mmoja wetu anayegusa kitu. Tunamwita jamaa wa mitandao, aliyeanza na krafti, naye anafungua kabati, anafuata waya mmoja mmoja, anatengeneza. Miaka minne ya sayansi ya kompyuta nilijifunza nadharia ya otomata na mambo mazuri ambayo nayatumia hadi leo, sijutii hata siku moja, lakini hakuna aliyenipa koleo. (Nikiwa hapo hapo: waajiri wa sekta yetu, kwa nini tangazo la kazi ya kuvuta nyaya linadai shahada? Nani aliwaambia?) Nikamwonya pia kwamba matangazo ya namna hiyo yatamsumbua, asije akasema sikumwambia.

Hatuna haja ya kusingizia kwamba dharau hii ilianguka kutoka mbinguni. Ina historia, na sehemu yake ni yetu wenyewe. Mwaka wa 1966 baraza la makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana waende wapi baada ya shule ya msingi, na hapo ndipo vilipoanzia vyuo vya ufundi vya vijijini. Miaka ya 1970 watu walichanga harambee kujenga taasisi za teknolojia karibu kila pembe ya nchi. Kwetu Kakamega palijengwa chuo tulichokiita WECO. Leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kenya Polytechnic, iliyofunguliwa 1961, ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi mwaka wa 2013, mwaka ule ule na ndugu yake wa Mombasa. Sipingi vyuo vikuu, vimenilea. Lakini mtoto anayetazama anaona nini? Anaona kwamba chuo cha ufundi kikifanya vizuri hupewa zawadi ya kuacha kuwa chuo cha ufundi. Hata mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulisifiwa kwa kuleta useremala, uashi na ushonaji shuleni. Nilipofika mimi, karakana ya shule yetu ilikuwa stoo ya madawati mabovu na nyuki.

Vifaa navyo ni tatizo, tusidanganyane. Kuna vyuo ambako wanafunzi thelathini wanazunguka mashine moja, na mashine yenyewe ina umri wa babu. Ndiyo maana nasema mwanafunzi apewe habari mapema: apate muda wa kwenda kuona kwa macho yake, aulize kama karakana inafanya kazi, aongee na waliomaliza. Huwezi kufanya hayo kwa siku chache ukiwa unalia matokeo.

Sasa nije kwenye yale mnayonijulia. Baada ya siku ile niliketi kuandika programu ndogo ya mtandao. Unachagua kaunti, unachagua alama, inakuonyesha vyuo na kozi, zinachukua muda gani na zinataka nini. Msimbo wenyewe ni wa jioni mbili, hauna ajabu. Kazi ni data. Tovuti ya KUCCPS ina kozi nyingi za vyuo vya kitaifa na taasisi za kiufundi, lakini ili uingie na kuomba nafasi inakutaka nambari ya mtihani na mwaka uliofanya KCSE, yaani imejengewa mtu ambaye matokeo yameshatoka. Vyuo vidogo vya mafunzo ya ufundi viko chini ya kaunti tangu katiba ya 2010, na vingi havina tovuti. Vina bango la mabati kando ya barabara na nambari ya simu iliyofifia. Kwa hiyo nimekuwa nikipanda bodaboda Jumamosi, naingia ofisini, naomba karatasi ya kozi, napiga picha, narudi nyumbani nachapa. Katika chuo kimoja mkuu wake alinitembeza karakana nzima, akanionyesha viti wanavyotengeneza, akaniuliza ni nani amenituma. Nikasema hakuna. Akaniongezea chai.

Halafu kuna kichekesho. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni! Programu yangu nzuri haimfikii hata mmoja kati ya niliowaandikia. Nimeongeza kitufe cha kuchapisha, kurasa nne za karatasi kwa kila kaunti, herufi kubwa. Naibu alibandika nakala kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini, na wiki iliyopita alinipigia. Nilidhani analalamika. Alisema ukurasa wa pili umeng'olewa, wa stima na sola, na kama ningeweza kumletea mwingine. Halafu, kabla ya kukata, akauliza kwa sauti ya chini kidogo: "Na hiyo krafti ya kutengeneza magari, mwenye D tupu wanamchukua kweli? Nina kijana wa ndugu yangu."

Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 ni wa mwaka 2027. Baada yao ni watoto wa mtaala mpya, ambao wanachagua njia zao wakiingia sekondari ya juu, na wao sijui tutawaambia lini. Hawa waliobaki wa mfumo wetu angalau nataka wawe na zile kurasa nne.

Kwa sasa nina kaunti mbili, Kakamega na Vihiga. Mkiwa na orodha za kozi za vyuo vya Bungoma, hata picha iliyopigwa kwa simu, nitumieni, nitazichapa mwenyewe. Busia naanza Jumamosi hii. Binamu ana kazi ya pampu Nambale na gari la vifaa lina nafasi ya mtu mmoja mbele.